Ukoo Si Mkataba

Nina ugomvi wa siku nyingi na mbwa, paka na ng'ombe. Sisemi wale wa mitaani, ambao hawajanikosea neno, bali wale wanaoishi katika kurasa za mwanzo za vitabu vingi mno vinavyofundisha kuandika programu kwa lugha ya Java. Mwanafunzi hajakaa vizuri kitini anaambiwa: Mbwa ni Mnyama, Paka ni Mnyama, Mnyama hutoa sauti, Mbwa hubweka, Paka hulia nyau. Anatikisa kichwa kwa furaha, maana nani asiyejua kwamba mbwa ni mnyama? Anaandika mistari ishirini, kompyuta inabweka kwa maandishi, na somo limekwisha. Mimi nasema somo hilo limewapotosha vijana wengi kuliko somo lolote jingine katika kazi hii. Nitaeleza kwa nini, tena kwa namna ambayo hata msomaji asiyewahi kuandika programu, wala asiye na nia ya kuanza leo, ataelewa. Jambo lenyewe linamhusu, madhali ana akiba yake mahali ambapo hesabu hutunzwa na kompyuta.

Java ilitangazwa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani. Kundi lililoiunda liliongozwa na James Gosling, na jina lake la mwanzo lilikuwa Oak, yaani mwaloni. Tangu mwaka 2010 imo mikononi mwa kampuni ya Oracle. Ni lugha ya mabenki, ya makampuni ya bima, na ya ofisi zenye mafaili mengi. Na kwa miaka mingi programu za simu za Android ziliandikwa kwayo. Humo kila jambo huanza na klasi. Klasi ni kama ile karatasi ya mshonaji, aliyokatia shingo na mikono mara moja, na kutokana nayo akashona kanzu mia, kila kanzu na mwenyewe. Karatasi ndiyo klasi. Kanzu ndivyo vitu ambavyo programu huvishika na kuvitumia.

Sasa, klasi moja inaweza kumrithi mwenzake. Mwandishi huandika neno moja tu, extends, na papo hapo klasi ya pili inapata kila kilichokuwamo katika klasi ya kwanza, kisha inaongeza yake. Urithi huu haukubuniwa na watu wa Java. Ulitoka Oslo, Norway, katika lugha ya Simula 67 ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, ambao shabaha yao ilikuwa kuiga mwenendo wa mambo halisi ndani ya kompyuta. Kwa kazi yao ulifaa sana. Shida ilianza pale wengine walipouchukua wakaufanya ndio roho ya uandishi wote wa programu, hata kijana wa leo akipewa kazi yoyote, kitu cha kwanza anachofanya ni kuchora mti wa ukoo. Juu kabisa anaweka Mtu. Chini ya Mtu anamweka Mwajiriwa, chini ya Mwajiriwa Meneja, chini ya Meneja Meneja Mkuu. Ukimwuliza mti huu unafanya kazi gani, anakutazama kama uliyeuliza mchana unafanya kazi gani.

Kiswahili chetu kina viungo viwili vidogo ambavyo, laiti wanafunzi wangevitumia, wangeokoka na nusu ya balaa hili: "ni" na "ana". Mwanamke fulani ni mtu. Hilo halibadiliki asubuhi wala jioni. Lakini je, ni mkopaji, au ana mkopo? Ni mdhamini, au ana dhamana aliyomwekea jirani yake? Katika mazungumzo twaweza kusema vyovyote, hakuna atakayeumia. Ndani ya Java ataumia mtu. Kitu kikishaumbwa kwa klasi fulani, kinabaki katika klasi hiyo mpaka kinakufa, hakihami. Ukiamua kwamba mkopaji ni aina ya mtu, basi siku atakapomaliza kulipa huna namna ya kumtoa katika ukopaji ila kumfuta na kumuumba upya. Na siku atakapokuwa mkopaji na mdhamini kwa wakati mmoja, jambo la kawaida kabisa katika maisha yetu, itakubidi uwe na watu wawili wenye jina moja. Mkopo si ukoo. Mkopo ni kitu ambacho mtu anacho leo na kesho hanacho.

Niliitwa wakati fulani na chama kimoja cha kuweka na kukopa, ambacho sitakitaja, niitazame programu waliyoandikiwa na kampuni ambayo nayo sitaitaja. Mwanachama wao mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alikuwa amekatwa shilingi 45,000 kila mwezi kwa miezi saba, kwa mkopo asioujua. Fedha hizo alikuwa akiziweka anunue mabati, kwa sababu chumba cha nyuma cha nyumba yake kilikuwa kinavuja na ndimo walimolala wajukuu. Alikwenda ofisini mara nne. Alimwambia karani, "Mwanangu, mimi sijakopa hata shilingi." Karani, ambaye alikuwa kijana mwenye adabu na asiye na kosa, alimjibu, "Mama, hata mimi nashangaa, lakini kompyuta ndivyo inavyosema." Mara ya tano alikuja na binti yake na daftari lake mwenyewe la miaka kumi na moja, limeandikwa kwa wino wa buluu, kila senti mahali pake. Ndipo nikaitwa.

Ilinichukua siku mbili kuliona kosa, nalo lilikuwa dogo la kukasirisha. Palikuwa na sehemu ya programu iliyofanya kazi pale tu mkopo ulipochelewa kulipwa: ilipewa namba mbili, namba ya mwanachama na namba ya mkopo, ikachukua fedha kwenye akiba ya huyo mwanachama ikazipeleka kulipa huo mkopo. Mahali pamoja, kati ya mahali pengi palipoiita, mwandishi alizipa zile namba kinyume, ya mkopo mbele na ya mwanachama nyuma. Kwa kompyuta zote zilikuwa namba tupu, na namba tupu hazina jina. Mwanachama 417 alikuwa na mkopo 1862 uliochelewa. Programu ikaenda kumkata mwanachama 1862, ambaye ndiye mwalimu wetu, ikalipa mkopo 417, ambao ulikuwa umeshalipwa na kufungwa zamani. Fedha zikaingia shimoni. Mkopo uliochelewa ukaendelea kuchelewa, na mwezi uliofuata mambo yakarudiwa vile vile. Kwa wanachama wengine waliochelewa, namba zilizopinduliwa hazikukuta mtu wala mkopo, programu ikanyamaza, na kila mtu akadhani ni salama.

Hapa ndipo ninapowakamata kooni waandishi wa aina hii. Java ni lugha inayotaka kila kitu kitajwe aina yake kabla kazi haijaanza. Maandishi ya programu hupita kwanza mbele ya kompaila, ambaye mimi humwita mkaguzi, naye huyasoma yote, herufi kwa herufi, akiuliza: hiki ulichokipeleka hapa ndicho kilichotakiwa hapa? Kama sicho, hakuna programu. Hachoki, hali rushwa, haendi msibani. Anachohitaji ni kuambiwa ukweli. Laiti mwandishi yule angetangaza aina mbili, NambaYaMwanachama na NambaYaMkopo, kila moja peke yake, mkaguzi angeyakataa maandishi yale siku ile ile yalipoandikwa, na mwalimu angeezeka chumba chake kabla ya masika. Si kazi kubwa. Tangu toleo la 16 la mwaka 2021, Java ina rekodi, na aina kama hizo kila moja huandikwa kwa mstari mmoja. Lakini hata kabla ya hapo, mwaka 1995 ule ule, ilikuwa mistari michache tu. Mwandishi aliona uvivu. Alikuwa na mkaguzi mlangoni, akamwambia kwamba kila anayepita ni namba.

Na katika programu hiyo hiyo, ambayo haikuwa na nafasi ya aina mbili za namba, palikuwa na mti wa ukoo wa kupendeza macho. Mtu, chini yake Mwanachama, Mkopaji, Mdhamini, Karani na Mjumbe. Kwa hiyo mwalimu alikuwa watu wawili, mwanachama mmoja na mdhamini mmoja, kila mmoja na anwani yake. Chama kilipoamua kumrudishia fedha na kumwandikia barua ya kuomba radhi, barua ilikwenda kwenye nyumba aliyohama zamani. Mwanachama alikuwa amehama. Mdhamini alikuwa bado anaishi kule kule.

Watu wanaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni, hayaingii katika akili ya Mswahili, huniudhi kuliko mbwa na paka. Sisi tumezaliwa ndani ya jambo hili. Mwambie mtoto wa miaka mitano, "Kiti mzuri amevunjika," uone atakavyocheka. Hakungoja aletewe kiti akitazame, wala hakungoja kukikalia aanguke. Sentensi yenyewe imekataliwa na sikio kabla haijafika kwenye kiti. Ngeli zetu ni mkaguzi aliyekaa sikioni: kila nomino ina upatanisho wake, na kivumishi na kitenzi havina budi kuufuata, la sivyo msemaji anarudishwa. Usalama wa aina katika Java ni jambo hilo hilo.

Tena lugha yetu inajua na lile jambo la pili, ambalo ndilo gumu zaidi. Mtazame kifaru. Kwa umbo amevaa vazi la kiti, kisu na kitabu: ki- katika umoja, vi- katika wingi. Anayetazama vazi peke yake atasema kifaru kimekufa. Hakuna asemaye hivyo. Kifaru amekufa, vifaru wamekimbia, kipofu amefika, kiongozi ametuhutubia. (Kifaru cha jeshi, naam, kikiharibika kimeharibika, na hilo lenyewe linathibitisha ninachokisema, maana umbo ni lile lile na mwenendo ni mwingine.) Ndiyo maana wataalamu wetu wa sarufi walibishana miaka mingi kama ngeli zihesabiwe kwa umbo la nomino, M-WA na KI-VI, au kwa upatanisho wake katika sentensi, A-WA na KI-VI. Sina haja ya kuwaamulia wataalamu. Ninachosema ni kwamba mwandishi wa programu hana budi kujua kuwa ni mambo mawili. Kuna kufanana kwa umbo, na kuna kukubali kufuata mwenendo mmoja.

Java inayo yote mawili. Urithi wa extends huleta umbo la mzazi pamoja na mwenendo wake, utake usitake. Lakini kuna njia nyingine, iitwayo intafesi, ambayo ni orodha ya mambo ambayo klasi inaahidi kuyatenda, bila kurithi kitu cha mtu. Hiyo ni mkataba mtupu. Klasi mbili zisizo na undugu wowote, moja ya mkopo na moja ya bima ya mazishi, zinaweza zote kuahidi kwamba zinalipika, na sehemu ya programu inayoshughulika na malipo ikazipokea zote bila kuuliza baba zao. Mimi nataka vijana wafundishwe hili kwanza. Ukoo uje baadaye, na uje kwa ruhusa.

Sharti la ruhusa hiyo lilikwisha kuelezwa zamani. Barbara Liskov wa MIT alilitoa katika hotuba yake ya mwaka 1987, na mwaka 1994 akaliandika kwa ukamilifu pamoja na Jeannette Wing. Kwa maneno yangu ni hivi: popote anapoweza kusimama mzazi, mtoto awekwe mahali pake na programu isipotoke. Haitoshi mtoto kufanana na mzazi. Lazima atimize kila alichoahidi mzazi wake, kwa watu wale wale waliozoea ahadi hizo. Ukilipima kwa sharti hilo, sehemu kubwa ya miti ya ukoo inayochorwa maofisini itafaa kuni.

Na asidhani msomaji kwamba nawaonea vijana peke yao. Mabwana wakubwa waliounda Java walivunja sharti hili ndani ya maktaba yao wenyewe, ile inayokuja pamoja na lugha. Kuna klasi iitwayo Stack. Kazi yake ni kuwa rundo la sahani: unaweka juu, unatoa juu, basi. Lakini waliifanya imrithi Vector, ambayo ni orodha ya kawaida unayoweza kuingiza kitu popote. Matokeo yake Java ina rundo la sahani ambalo mtu yeyote anaweza kuchomoa ya katikati, nalo halilalamiki. Kuna Properties, iliyokusudiwa kutunza maneno na maana zake, yote yakiwa maandishi. Wakaifanya imrithi Hashtable, inayopokea chochote. Ukitia humo kitu kisicho maandishi inakubali kwa uso mkunjufu, kisha siku ya kuhifadhi faili inaanguka. Maelezo rasmi yanamwonya mtumiaji asifanye hivyo. Onyo! Mlango wa kuufunga walikuwa nao, wakabandika onyo ukutani.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Timestamp, ambayo hutunza tarehe na saa mpaka vipande vidogo kabisa vya sekunde kwa ajili ya hazina za data. Waliifanya mtoto wa Date. Sasa ukimwuliza Date, "Huyu Timestamp ni sawa na wewe?" huweza kujibu ndiyo. Ukimgeukia Timestamp ukamwuliza, "Na huyu Date ni sawa na wewe?" siku zote hujibu hapana. Mzazi anamtambua mtoto, mtoto anamkana mzazi. Maelezo rasmi yanakiri kwamba urithi huu ni wa utekelezaji tu, si wa aina, yaani kwa Kiswahili changu: vazi ni la kiti lakini usimpatanishe kama kiti. Mkaguzi hasomi maelezo hayo. Yeye ameambiwa Timestamp ni Date, naye atamruhusu apite popote Date anapopita. Makosa haya yote bado yamo mpaka leo, kwa kuwa programu nyingi za watu zimeyaegemea. Ndivyo ulivyo ukoo uliotangazwa hadharani. Kuutangua ni fedheha na hasara.

Kuna na lile kosa la makapu, ambalo wanafunzi wangu hulibishia sana. Kapu la maembe ni kapu la matunda? Kila mtu atasema ndiyo. Basi mpe jirani kapu lako la maembe, umwambie ni kapu la matunda. Naye kwa haki yake kabisa atatupia limau. Ukirudi ukaanza kula maembe gizani, utajua. Katika safu zake, yaani vile vikapu vyake vya asili, Java ilikubali tangu mwanzo kwamba kapu la maembe ni kapu la matunda. Palikuwa na sababu: walitaka utaratibu mmoja wa kupanga vitu uweze kupanga safu za kila namna. Lakini kwa hiyo mkaguzi anaruhusu limau mlangoni, na ugomvi unatokea ndani, programu ikiwa kazini, mbele ya wateja.

Orodha za zamani zilikuwa mbaya zaidi. Mpaka mwaka 2004 orodha ya Java haikujua imebeba nini. Kila kitu kilichoingia kilivuliwa aina yake kikawa "kitu" tu, na wakati wa kukitoa mwandishi alimwapia mkaguzi: naapa hili ni embe. Mkaguzi alikuwa hana la kufanya ila kuamini. Toleo la 5, mwaka 2004, ndilo lililoleta jeneriki, ambazo huandika juu ya kapu kwamba humu ni maembe na hakiingii kingine. Kazi hiyo ilitokana na juhudi za wanazuoni, Martin Odersky na Philip Wadler, kisha pamoja nao Gilad Bracha na David Stoutamire, waliotoa pendekezo lao mwaka 1998. Chini ya jeneriki orodha ya maembe si orodha ya matunda, na vijana huona huo ni ukaidi. Mimi huona ni adabu. Hata hivyo hazikuja timilifu. Ili zisivunje programu za zamani, maandishi ya juu ya kapu hufutwa mkaguzi akishamaliza kazi yake, na programu inapokuwa njiani haijui tena yaliandikwa nini. Kwa hiyo anayetumia orodha tupu za kizamani bado anaweza kupenyeza limau. Na kama mkaguzi akinung'unika, lipo neno la kumwamuru anyamaze. Nimeona programu za fedha za watu zenye neno hilo juu ya kila ukurasa, kama bismillahi.

Wapo watakaonijibu kwamba ulimwengu umeshahama. Watasema wao huandika Python na JavaScript, ambazo haziulizi aina mapema, na kazi yao inakwisha wakati mimi bado natangaza namba zangu. Nawapongeza kwa mwendo. Lakini waniambie: kama aina ni mzigo wa bure, kwa nini Microsoft walitoa TypeScript mwaka 2012, ambayo ni JavaScript iliyopewa aina, nao waandishi wakaikimbilia? Kwa nini Python yenyewe, katika toleo la 3.5 la mwaka 2015, ilikaribisha maandishi ya aina? Walioondoka kwa kejeli wamerudi kwa mlango wa nyuma, wakiwa na programu za mistari laki ambazo hawakuthubutu tena kuzigusa.

Wengine ni watu wa majaribio. Husema, jaribu programu yako vizuri na aina hutazihitaji. Majaribio ni mema, na asiyejaribu ni mhuni. Ila jaribio huuliza yale tu uliyokumbuka kuuliza. Programu ya chama kile ilikuwa na majaribio yake, tena mengi, na katika yote hayo mwandishi alitumia mwanachama namba 1 mwenye mkopo namba 1. Ukipindua 1 na 1 unapata 1 na 1.

Sidai kwamba mkaguzi huona yote. Hajui kama riba ni haki au dhuluma, wala kama karani ameandika jina la shangazi yake. Na ndani ya Java yenyewe kuna mgeni mmoja asiye na ngeli anayepita kila mlango: null, yaani hakuna kitu. Alimwingiza duniani Tony Hoare mwaka 1965, katika lugha ya ALGOL W, naye mwenyewe mwaka 2009 alisimama hadharani akaliita kosa lake la dola bilioni moja. Java ilimpokea mgeni huyo bila swali. Mkaguzi akiambiwa apokee NambaYaMwanachama, atapokea namba hiyo au atapokea hewa, vyote kwake sawa. Tangu mwaka 2014 ipo Optional, sanduku linalosema wazi kwamba huenda humu hamna kitu, lakini hata sanduku lenyewe laweza kuwa null. Wajuzi hucheka. Mimi sicheki.

Wala sisemi urithi ufutwe. Upo ukoo ninaoukubali, nao ni ule uliofungwa. Tangu toleo la 17, mwaka 2021, Java inaruhusu klasi kutaja watoto wake wote kwa majina na kufunga mlango. Hali ya mkopo, kwa mfano: umeombwa, umeidhinishwa, unalipwa, umechelewa, umelipwa. Watano, hakuna wa sita. Na kuanzia toleo la 21 la mwaka 2023, ukiandika sehemu inayozipitia hali hizo moja moja ukasahau mojawapo, mkaguzi anakataa. Halmashauri ikiamua kesho kuongeza hali ya sita, kusamehewa, unamwongeza mtoto mmoja, na mkaguzi anakutajia kila mahali pote ambapo msamaha haukufikiriwa. Hapo ukoo na mkataba vimekuwa kitu kimoja, maana wote wanaojulikana wamejulikana.

Katika darasa langu la jioni, mbwa na paka hawaingii. Wiki nne za mwanzo hakuna anayeruhusiwa kuandika extends. Huandika intafesi, rekodi, na aina ndogo ndogo za namba, mpaka wanachoka nami. Wiki ya tano nawapa neno hilo, na siku hiyo hiyo kazi ya nyumbani ni kuingia katika maktaba ya Java na kuleta urithi mmoja ambao wangeuvunja, pamoja na sababu. Wengi huleta Stack, kwa kuwa ndio ulio karibu. Mwaka jana msichana mmoja alileta Timestamp, na pembeni ya ukurasa aliandika kwa kalamu nyekundu: "Mwalimu, huyu ni kifaru." Nilimpa alama zote.